Jumanne za Mafundi wa Hackney Road

Siku yao ni Jumanne. Karakana nyingi za umma za wapenda kompyuta na elektroniki barani Ulaya hukutana siku hiyo, na asili ya desturi hii ni Ujerumani. Mwaka 2007 Jens Ohlig na Lars Weiler walitoa mhadhara kuhusu namna ya kuanzisha karakana za pamoja na kuzifanya zidumu.  Kuhusu siku ya mkutano ushauri wao ulikuwa mfupi: hakuna siku ya juma itakayomfaa kila mtu, basi kutaneni Jumanne na jambo hilo msilirudie tena. London Hackspace, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Russ Garrett na Jonty Wareing, ililipokea agizo hilo jinsi lilivyo. Jumanne jioni mlango ulifunguliwa kwa mgeni yeyote, akatembezwa na kuonyeshwa mashine, na akiwa na swali hakukosa wa kumjibu.

Baada ya kuanza katika vyumba vidogo, jumuiya hiyo ilihamia namba 447 Hackney Road, mashariki mwa jiji, na hapo ndipo mila zake zilipokomaa. Kulikuwa na misumeno, mashine ya kukereza vyuma na ya kukata mbao kwa mwali wa leza, kulikuwa na meza za kulehemu saketi, vyerehani na rafu za vitabu. Mwaka 2011 wapenda baiolojia nao walijitengea kona yao ya maabara. Wanachama walivuka elfu moja. Ada ya mwezi kila mtu alijipangia mwenyewe kulingana na uwezo wake, mradi isipungue pauni 5, na wote walikuwa na haki sawa. Aliyetoa nyingi hakupata meza nzuri zaidi. Katika jiji ambalo kila futi ya sakafu ina bei yake, nauona utaratibu huu kuwa wa kijasiri, kwa sababu uliweka kodi ya pango mikononi mwa dhamiri za watu.

Mwanachama aliingia saa yoyote, usiku au mchana. Ufunguo wake ulikuwa kadi ya Oyster, ileile anayolipia basi na treni za chini ya ardhi: aliisajili mara moja, kisha akaigusisha mlangoni. Kompyuta ya mlango ilimtambua na kuwatangazia wenzake waliokuwa wakiongea mtandaoni kwamba fulani ameingia, na kwamba mara ya mwisho alionekana siku kadha wa kadha zilizopita. Mtu wa pwani ataielewa desturi hii bila kuelezwa. Ni hodi, na ndani yake mna lile swali la mbona umepotea.

Kanuni zao zilianza na namba sifuri, kama waandika programu wanavyohesabu, na kanuni sifuri ilikataza kushika moto. Anayeisikia mara ya kwanza hucheka, lakini penye vumbi la mbao, leza na vyuma vya kulehemu, kanuni hiyo ni ya uhai na kifo. Nyingine ilimtaka kila mtu apaache mahali pakiwa bora kuliko alivyopakuta. Hapakuwa na mfagizi wala msimamizi wa zamu. Bodi ilichaguliwa na wanachama, lakini kazi yake ilikuwa mikataba, bima na bili, si kugawa majukumu. Aliyeona bomba linavuja ndiye aliyekuwa fundi bomba wa siku hiyo, na aliyelalamika kwamba rafu zimejaa takataka alitazamiwa azipange. Kwa mtu aliyezoea kamati na mwenyekiti, mwanzoni hali hii huonekana kama vurugu. Ilikuwa na ubaya wake pia: wachache walibeba mzigo wa wengi, vikombe vichafu vikarundikana, na mabishano juu ya sinki yakachukua jioni nzima. Hata hivyo kazi nyingi zilifanyika, tena na watu ambao hakuna aliyewatuma.

Desturi iliyohusu mali iliandikwa kwenye karatasi za kunata. Mwanachama akitaka kuacha kazi yake ambayo haijaisha, aliibandika karatasi yenye jina lake, tarehe na maelezo ya kitu chenyewe, ikiwaonya wengine wasikiguse wala kukifungua. Alikuwa pia na sanduku lake dogo rafuni. Kisichokuwa na karatasi kilihesabiwa kuwa cha wote: printa kuukuu ingeweza kukutwa asubuhi imefunguliwa, mota zake zikizungusha kitu kingine kabisa. Hivyo ukimya wa mwenye kitu ulitosha kuwa ruhusa.

Lakini kilichonivuta zaidi kwa jamii hii ni namna ujuzi ulivyopita kutoka mkono hadi mkono. Mashine za hatari zilifungwa kifaa kidogo walichokibuni wenyewe, kinachosoma kadi ileile ya Oyster. Kadi ya asiyefundishwa haikuiwasha mashine hata angeibonyeza kutwa. Ili apate ruhusa, ilimpasa akae na mwenzake aliyekabidhiwa mashine hiyo, aonyeshwe jinsi ya kufunga mbao, vitu visivyoingizwa kwenye leza kwa kuwa moshi wake ni sumu, na mahali pa kuizima kwa dharura. Mwalimu akiridhika aligusisha kadi yake, kisha kadi ya mwanafunzi ikafuata, na kuanzia hapo mashine ikamtambua. Ruhusa haikutoka ofisini wala kwa kujaza fomu. Ilitolewa na mtu aliyesimama karibu na kuona kwa macho yake.

Kwetu, mwanafunzi wa ufundi alimaliza kwa kumpa mwalimu wake kilemba, ada ya kumshukuru na kuruhusiwa kusimama peke yake. Kule London kilemba hakikuwapo. Deni lililipwa mbele badala ya nyuma, kwa kumfundisha anayefuata. Na aliyegundua namna ya kutengeneza mashine fulani alitarajiwa aiandike mahali ambapo wote wataisoma, michoro na makosa pamoja. Wazo hili lilikuwa limeenea mbali nje ya Hackney. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha RepRap, printa ya vitu ambayo michoro yake iko wazi kwa dunia nzima na ambayo huchapa vipande vingi vya kuundia printa nyingine. Aliyekwisha kuwa nayo alimchapia mwenziwe vipande, na yule akamchapia mwingine.

Nikikumbuka mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanaogonga mabati hadi yawe masanduku na majiko, naona heshima yao haiko chini hata kidogo. Macho yao hupima bila rula. Tofauti ni kwamba siri ya mtungi huijua kata: kijana hukaa na fundi miaka, akijifunza kwa kutazama, na fundi ana sababu nzuri ya kutomweleza yote, kwa kuwa mwanafunzi wa leo ndiye mshindani wa kesho kwenye kibanda cha jirani. Wanachama wa Hackney Road wengi wao walikuwa na mishahara kwingine. Ukarimu wao haukuwanyima chakula, na tusiupime ule wa fundi wa jua kali kwa mizani hiyohiyo.

Ilipobidi kuondoka Hackney Road, jumuiya ilivuka jiji hadi Wembley, kaskazini magharibi, katika jengo la High Road liitwalo Ujima House. Jina hilo lilitokana na Ujima Housing Association, shirika la nyumba lililoongozwa na Weusi tangu mwaka 1977, ambalo lilianguka na mali yake kuchukuliwa na shirika kubwa zaidi mwaka 2008. Kuhama si jambo jepesi kwa karakana. Mashine hubebeka, lakini mazoea ya jirani aliyekuwa akipita kila Jumanne akitoka kazini hayapakiwi kwenye lori.

Desturi ya kufundishana imepata makao mengine jijini, tena yenye uhusiano na kwetu. Mwaka 2012 Ugo Vallauri na Janet Gunter walianzisha The Restart Project. Vallauri aliwahi kufanya kazi Kenya, akaona simu na kompyuta zikifufuliwa na mafundi wa mitaani wakati London vitu vya aina hiyo hutupwa kwa hitilafu ndogo. Katika mikutano yao, inayofanyika kwenye kumbi za mitaa na maktaba, mtu huja na birika la umeme, redio au kompyuta mpakato. Haachi kitu chake na kuambiwa arudi Ijumaa. Hukaa mezani na fundi wa kujitolea, mara nyingi bisibisi ikiwa mkononi mwake mwenyewe, na kilichoharibika huandikwa pamoja na chanzo chake. Kumbukumbu hizo zimewapa nguvu wanaodai haki ya kutengeneza. Kuanzia Julai 2021 sheria ya Uingereza inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia na kuoshea vyombo, majokofu na televisheni kutoa vipuri. Simu na kompyuta mpakato, vitu ambavyo watu huviharibu zaidi na kuvihitaji zaidi, hazikuingizwa.

Ningependa kuona Jumanne ya namna hii Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam: banda moja la pamoja, mashine ya kukata kwa leza ambayo hakuna fundi anayeweza kuinunua peke yake, na kadi inayofunguliwa na aliyekufundisha. Ujuzi wa kulijaza banda hilo upo tayari, na vijana wa kufundishwa wamesimama barabarani. Itabidi ipatikane ada ambayo fundi anayeishi kwa kipato cha siku anaweza kuimudu, na mwenye jengo asiyepandisha kodi mara tu pakianza kujaa.