Saini Isiyokubali Kuhamishwa

Fungua programu ya pochi ya Bitcoin iitwayo Electrum, ingia kwenye menyu ya zana, na utakuta kidirisha ambacho watumiaji wengi hawajawahi kukigusa. Kina visanduku vitatu: cha ujumbe, cha anwani na cha saini. Kwenye cha ujumbe andika lolote, tuseme, "Leo Jumanne, nimemrudishia Asha sufuria yake." Kwenye cha anwani weka anwani ya pochi yako. Bonyeza kitufe cha kusaini, weka nywila, na papo hapo kile kisanduku cha tatu kinajaa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika, alama 88 kwa jumla, ya mwisho ikiwa ni ile ya sawasawa (=). Hakuna senti iliyotoka wala ada iliyokatwa, na daftari la Bitcoin halina habari. Hata hivyo, mtu yeyote utakayemtumia vitu hivyo vitatu, awe Tabora au Toronto, anaweza kuhakiki mwenyewe kwamba maneno hayo yametiwa saini na mwenye ufunguo wa anwani hiyo.

Sasa futa mkato ulio baada ya neno Jumanne, kisha bonyeza kitufe cha kuhakiki. Programu inakataa. Rudisha mkato, inakubali. Mgeuze Asha awe Aisha, inakataa tena.

Hapo ndipo saini hii inapoachana na saini ya kalamu. Ya kalamu inatakiwa ifanane kila karatasi, na karani wa benki hukunja uso isipofanana. Hii hubadilika kwa kila sentensi, na iliyotiwa kwenye sentensi moja haina kazi kwenye nyingine. Ukiichomoa hapa na kuibandika kule, umebandika takataka.

Jina pochi lenyewe linapotosha kidogo, maana ndani hamna sarafu. Sarafu ni maandishi kwenye daftari la pamoja ambalo maelfu ya kompyuta duniani zina nakala yake. Pochi inachotunza ni ufunguo wa siri, yaani namba moja iliyookotwa kwa bahati nasibu, kubwa kiasi kwamba ukiiandika kwa tarakimu za kawaida inaweza kufika tarakimu 78. Namba hiyo ndiyo inayozaa ufunguo wa umma, na ufunguo wa umma huzaa anwani. Hesabu hufanyika juu ya mstari uliopinda ambao mlinganyo wake ni y² = x³ + 7. Unaanza kwenye nukta inayojulikana na wote, unaruka kwa kanuni maalumu mara nyingi kama namba yako ya siri inavyosema, na nukta unayotua ndiyo ufunguo wa umma. Kwenda mbele kuna njia ya mkato. Hata simu ya bei rahisi hufika kabla sekunde haijaisha. Kurudi nyuma, yaani kuitazama nukta na kusema miruko ilikuwa mingapi, ni kazi ambayo kompyuta za leo haziiwezi.

Ujumbe nao husagwa kwanza. Kinu chake kinaitwa SHA-256, na Bitcoin huupitisha humo mara mbili. Uwe neno moja au kamusi nzima, unga unaotoka una kipimo kilekile, biti 256, na ukibadili mkato mmoja unga wote hugeuka. Kama ilivyo kwa mahindi, ukishakuwa unga haurudi kuwa punje. Saini hupatikana kwa kukokotoa unga huo pamoja na ufunguo wa siri na namba nyingine ya kutumika mara moja tu. Mhakiki huchukua ujumbe, saini na anwani, anapiga hesabu yake, na pande mbili zikilingana ameridhika. Ufunguo wa siri hakuuona, wala hakuuhitaji. Linganisha na PIN ya M-Pesa: lazima uibonyeze ndipo kampuni iilinganishe na kumbukumbu zake, na mtu wa tatu hana njia ya kujihakikishia ila kuiamini kampuni.

Ile namba ya mara moja si ya mchezo. Desemba 2010, mkutanoni Berlin, kikundi cha wadukuzi cha fail0verflow kilionyesha kwamba Sony, ilipokuwa ikitia saini programu za PlayStation 3, ilirudia namba hiyohiyo kila mara. Saini mbili zenye namba moja zinatosha kuufichua ufunguo wa siri, tena kwa aljebra ambayo mwanafunzi wa sekondari angeifuata. Agosti 2013 ikawa zamu ya Android: kasoro katika uokotaji wake wa namba za bahati nasibu iliziacha pochi za Bitcoin za simu hizo wazi kwa wezi. Siku hizi pochi nyingi hazimwachii bahati kazi hiyo. Hukokotoa namba kutoka kwenye ujumbe na ufunguo wenyewe.

Lakini aliyetuonyesha vizuri kuliko wote namna saini hii inavyofanya kazi ni mtu aliyeshindwa kuitoa. Tarehe 2 Mei 2016, Craig Wright, raia wa Australia, alijitangaza kuwa ndiye Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin ambaye hadi leo hakuna aliyethibitisha sura yake. Kama ushahidi, aliweka hadharani saini aliyodai ni ya andiko la Jean-Paul Sartre, imetiwa kwa ufunguo wa Satoshi. Wajuzi walichukua saini hiyo wakaitafuta kwenye daftari la Bitcoin, na siku hiyohiyo wakaikuta. Ilikuwa saini halisi ya Satoshi, ndiyo, ila ya muamala wa Januari 2009. Haikuwa na uhusiano wowote na Sartre. Imekaa mahali ambapo yeyote angeweza kuinakili, mimi na wewe tukiwemo.

Miaka minne baadaye, katika kesi iliyokuwa ikiendelea Florida, Wright aliorodhesha maelfu ya anwani kuwa ni zake. Mei 2020 ukajitokeza ujumbe uliotiwa saini kwa funguo za anwani 145 miongoni mwa hizo. Ulisema Wright ni mwongo na laghai, na kwamba hana funguo zilizousaini. Aliyeuandika hakutaja jina lake, na hakuwa na haja. Tarehe 14 Machi 2024, Jaji James Mellor wa Mahakama Kuu ya London aliamua kwamba Wright si Satoshi.

Wright alipenda kusema kwamba kuwa na ufunguo si kuthibitisha wewe ni nani. Kwa hilo nampa haki yake. Saini husema ufunguo huu umetumika kwa maneno haya, basi. Ufunguo unaweza kuwa wa wizi, wa kurithi, au wa ndugu watatu wanaochangia pochi moja. Kinyume chake nacho kipo: aliyeacha sarafu zake kwenye soko la kubadilishia hawezi kusaini chochote, kwa sababu funguo ni za soko. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 30 Desemba 2024, unayataka masoko hayo yahakikishe kwamba pochi binafsi ya mteja ni yake kweli pale anapohamisha zaidi ya euro 1,000. Kusaini ujumbe ni njia mojawapo ya kuonyesha; nyingine ni kutuma kiasi kidogo kutoka pochi hiyo.

Na kwa kuwa saini ya zamani inaweza kunakiliwa, mhakiki makini hakubali ujumbe uliokwisha kutayarishwa. Huchagua maneno mwenyewe: tarehe ya leo, jina la anayeombwa uthibitisho, na namba ambayo haijawahi kutumika. Bila hayo, mjanja anaweza kukusainisha "hii pochi ni yangu" kisha akaipeleka saini hiyo kwa mwingine kama yake.

Kwa upande wa msainiji, soma kabla hujabonyeza. Ujumbe wa kawaida wa Bitcoin huongezewa maneno ya utangulizi kabla ya kusagwa ili usiweze kugeuzwa muamala kwa hila. Kwenye mtandao mwingine, Ethereum, kuna saini za aina nyingine, zinazoonekana kama fomu, ambazo humruhusu mtu kuchota tokeni zako baadaye. Kwa kuwa hazikati ada papo hapo, watu huzidhania hazina madhara.

Wiki ileile ya Mei 2016 Wright aliahidi kuhamisha sarafu kutoka anwani ya Satoshi ili kumaliza ubishi. Rory Cellan-Jones wa BBC alituma kwenye anwani hiyo Bitcoin 0.017, kama pauni 5 wakati ule, akisubiri irudishwe. Tarehe 5 Wright aliandika kwamba ujasiri umemwishia. Pesa ya Cellan-Jones haikurudi.