Foleni ya Kigongo ilikuwa na wenyewe

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, Juni 19, 2025, safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, hadi Busisi, wilayani Sengerema, ikawa ya dakika chache. Wakati wa vivuko, kuvuka kwenyewe hakukuwa shida. Shida ilikuwa zamu: ukifika MV Mwanza imeng'oa nanga na malori yamejipanga mbele yako, saa mbili zilikuwa zinakatika hivihivi.

Daraja hilo la kilomita 3 limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni, na faida yake haina ubishi. Hii ndiyo njia ya mizigo ya Mwanza kwenda Geita kwenye migodi ya dhahabu, kisha Kagera na mipaka ya Rwanda na Uganda. Lori lisilokesha kwenye foleni linaongeza tripu. Mgonjwa wa rufaa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando hasubiri tena zamu. Sijasikia anayelilia vivuko, na mimi simo.

Lakini saa zile alizopoteza abiria zilikuwa chakula cha mtu mwingine. Basi likisimama tu, madirisha yalizingirwa: ndoo ya mayai ya kuchemsha na kachumbari yake, sinia la sangara wa kukaanga, karanga, maji baridi. "Dada, chukua mawili, chenji ninayo." Mteja hakuwa na pa kwenda, na hilo ndilo lililofanya gati la Kigongo kuwa soko zuri kuliko stendi nyingi. Mchuuzi hakulipa pango la duka wala tangazo. Foleni ilimletea wateja mpaka mlangoni. Hata ujenzi ulioanza mwaka 2020 haukumtisha mama lishe. Ulileta vibarua, na vibarua hula.

Sasa basi linapita bila kupunguza mwendo. TEMESA, wenye vivuko, wanaweza kupeleka chombo kwingine, maana ziwa bado lina visiwa vinavyokihitaji. Banda la mabati halina pa kuhamishiwa.

Haya si mageni nchini. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji, kivuko cha Ndundu kilikosa kazi, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakaacha kusubiri pale. Dar es Salaam mambo yalikwenda vingine: Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kigamboni mwaka 2016, lakini kivukoni Magogoni bado watu wanasukumana, kwa sababu kivuko kinamshusha abiria katikati ya jiji ilhali daraja linamzungusha. Kinachoua gati, basi, ni daraja linalopita juu ya njia yake ileile.

Ndiyo maana Kamanga ni habari nyingine. Vivuko vyake, vya kampuni binafsi, vinaunganisha Sengerema na katikati ya Mwanza, na anayetoka Kamanga kwa mguu akiwa na kapu la nyanya hana sababu ya kuzungukia darajani kupitia Usagara. Mwenye gari ndiye atakayepiga hesabu ya mafuta dhidi ya nauli, na hesabu yake itabadilika kila bei ya dizeli inapobadilika.

Halmashauri za Misungwi na Sengerema zikitaka ushuru wa wachuuzi hawa, zijenge maegesho ya malori kwenye ncha za daraja, yenye vyoo, taa na vizimba. Dereva wa masafa marefu bado anahitaji kula.