Je, Wajua? Nyumba ya chura kwa bei ya bure

Je, wajua kwamba chura hanywi maji kwa mdomo? Huyanyonya kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, akiwa amejikalia tu penye unyevu. Ndiyo maana maji ya bomba yenye klorini humdhuru. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa usiku na mchana, klorini itapotea hewani. Baadhi ya miji hutia kloramini badala yake, na hiyo haitoki kwa kungojewa. Hapo kinga maji ya mvua.

Nyumba yake ni bustani ya ndani ya kioo, nayo iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1829 Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, alifungia pupa wa nondo katika chupa yenye udongo mbichi. Kilichomshangaza si nondo bali kangaga na majani yaliyochipua humo, wakati kangaga wake wa nje walikuwa wakifa kwa moshi wa mji. Maji yalipanda kwa mvuke, yakashika kioo, yakarudi chini. Baadaye Robert Fortune alitumia masanduku ya namna hiyo kuhamisha miche ya chai kutoka China hadi India, kwa hiyo wanywaji wa chai nao wana deni lao kwa ile chupa.

Tangi kuukuu la samaki, hata lenye mikwaruzo, linatosha kabisa kwa nyumba hiyo. Tandika kokoto sentimita 4 au 5 ili maji ya ziada yashukie huko, kisha wavu wa kutenganisha, kisha udongo. Hapo kwenye wavu ndipo wengi huweza kuponzwa na ubahili: kipande cha chandarua cha mbu kinaonekana kufaa, lakini vyandarua vingi vya kwetu vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Chukua wavu wa dirisha.

Kwa udongo huo, wafugaji wa Ulaya na Marekani hununua matofali ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mengi yakitoka India na Sri Lanka. Mtu wa Tanga au Lamu ana makumbi uani, na pengine anayachoma. Chambua nyuzi, saga, loweka, kamua mara kadhaa, changanya na vipande vya mkaa na majani makavu. Ila usiguse makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba. Yamejaa chumvi, na ngozi ya chura haiwezi chumvi.

Ukuta wa miamba unaouona kwenye picha za matangi ya kifahari mara nyingi ni povu la kujazia nyufa za milango. Likikauka huchongwa kwa kisu, hupakwa silikoni na kunyunyiziwa unga wa makumbi. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuvu. Ile harufu kali ya siki ikiisha kabisa, ndipo imekauka.

Je, wajua kwamba tangi zuri halihitaji kufagiliwa? Inua tofali bichi bustanini: kuna vidudu vya kijivu, vingine hujikunja kama goroli ukivigusa. Hivyo, pamoja na vile vyeupe vidogo mno virukavyo, hula kuvu, majani yaliyooza na kinyesi cha chura. Vitie wiki kadhaa kabla ya chura, vizaane kwanza. Subira hiyo haigharimu kitu, na bado ndiyo inayowashinda watu wengi.

Chura wa dhahabu wa Kolombia, Phyllobates terribilis, ni miongoni mwa viumbe wenye sumu kali zaidi duniani, lakini aliyezaliwa kwenye tangi hana sumu. Sumu hutokana na wadudu anaowala msituni. Tangini hulishwa nzi wa matunda wasioweza kuruka, jamaa za wale waliomsaidia Thomas Hunt Morgan kupata Nobel mwaka 1933.

Na Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania? Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, chura mdogo wa huko, anayezaa watoto badala ya kutaga, alipoteza manyunyu aliyoishi ndani yake. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani na kuwekwa kwenye matangi yenye mitambo ya kunyunyiza maji. Wengi walikufa miaka ya mwanzo. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini, na 2012 kizazi cha matangini kikaanza kurudishwa Udzungwa. Kwa hiyo anayeona kufuga chura kwenye kioo ni mchezo wa watoto akaulize Kihansi.

Tukimalizia na chakula: nzi wapakwe unga wa kalisiamu kabla ya kutiwa tangini, kisha mtazame chura akimeza. Macho yatazama kichwani. Anayatumia kusukuma chakula kooni.