Seva za bledi: Usinunue mbuzi kwenye gunia

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA zilizotumika si bidhaa ngeni katika biashara ya mipakani. Zinatoka Ulaya, Marekani na Dubai, zinashushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha zinasambazwa hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma. Ndugu zetu wanaorejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni nao huja na vifaa vya aina hiyo, wakiwa na nia ya kufungua ofisi ya huduma za intaneti, kuhudumia chama cha akiba na mikopo au kuwakodishia wengine nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu.

Katika vifaa hivyo, kimoja huwavutia wengi kwa bei yake. Ni kasha kubwa la chuma lenye seva nyembamba zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu, ambalo mafundi hulijua kwa jina la seva za bledi. Lilipokuwa jipya liligharimu fedha nyingi mno. Likiwa la mtumba linaweza kuuzwa kwa bei ambayo mfanyabiashara wa kawaida anaimudu.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Anayelinunua kasha hili bila kulielewa anaweza kujikuta na kilo mia mbili za chuma ambazo haziwaki, au zinazowaka na kummaliza kwa bili ya umeme. Makala haya yanaeleza kifaa hiki ni nini, kinavyofungwa, hitilafu zake na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Bledi ni nini?

Seva ya kawaida inajitegemea: ina feni zake, vipokea umeme vyake na nyaya zake. Seva ya bledi imevuliwa vyote hivyo. Ndani yake kuna ubao mkuu, prosesa, memori na diski moja au mbili tu. Umeme, upepo wa kupooza na njia ya mtandao vyote vinatoka kwenye kasha. Jina lenyewe linatokana na wembamba wake, kama wembe.

Kampuni ya RLX Technologies ya Marekani ilikuwa ya kwanza kuziuza, mwaka 2001. IBM ilifuata mwaka 2002 na BladeCenter, kasha linalobeba bledi 14. Mwaka 2006 HP ilitoa BladeSystem c7000 yenye nafasi 16 za bledi fupi, na Dell ikatoa M1000e mwaka 2008, nayo ya bledi 16. Kampuni zenyewe zimebadilika tangu wakati huo: IBM iliiuzia Lenovo biashara yake ya seva za aina hii mwaka 2014, na HP iligawanyika mwaka 2015, upande wa seva ukabaki na Hewlett Packard Enterprise, yaani HPE.

Hapa tutaichukua c7000 kuwa mfano. Bledi za mwisho zilizotengenezwa kwa ajili yake ni za kizazi cha Gen10, cha mwaka 2017. Kwa hiyo leo anayeinunua ananunua kitu ambacho zama zake zimepita. Hilo peke yake si kosa, mradi bei iendane na ukweli huo.

Umeme kwanza

Mtihani wa kwanza ni umeme, na hapa ndipo anayeleta mzigo kutoka Marekani anapaswa kuwa macho. Kasha la c7000 lilitengenezwa kwa namna kadhaa. Ipo ya umeme wa njia moja, inayopokea volti 200 hadi 240, ambayo inaafikiana na umeme wetu. Ipo ya njia tatu kwa soko la kimataifa. Na ipo ya njia tatu kwa soko la Marekani ya Kaskazini, iliyokusudiwa volti 208 kati ya waya na waya. Umeme wetu wa njia tatu una takriban volti 400 kati ya waya na waya. Fundi atakayekata plagi ya Marekani na kufunga ya hapa ataunguza kasha zima kwa sekunde moja.

Mnunuzi aombe picha ya nyuma ya kasha kabla ya kulipa. La njia moja lina matundu sita ya nyaya za umeme, tundu moja kwa kila pawasaplai. Hilo ndilo la kutafuta.

Pawasaplai hizo sita zinapaswa kugawanywa: tatu kwenye laini moja ya umeme, tatu kwenye laini nyingine. Laini moja ikikatika, nyingine inabeba mzigo. Kuzichomeka zote kwenye sakiti breka moja ni kuutupa ulinzi uliokwisha kulipiwa. UPS ndogo ya dukani pia haitoshi.

Kisha piga hesabu ya bili. Tuseme kasha lako linakula wati 3,000 mfululizo. Hizo ni uniti 72 kwa siku, na uniti 2,160 kwa mwezi wa siku 30. Zidisha kwa bei ya uniti ya mji wako, kisha ongeza mafuta ya jenereta kwa siku za giza. Wengi hugundua kwamba bili ya mwaka mmoja inaikaribia au kuipita bei waliyonunulia kasha.

Joto na milima

Jambo la pili husahaulika kabisa. HP iliandika kwamba seva hizi zinafanya kazi hadi nyuzi joto 35 katika usawa wa bahari, na kwamba kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1 kila unapopanda mita 305. Hewa ya milimani ni nyepesi na haibebi joto vizuri. Kigali na Goma ziko juu kwa takriban mita 1,500, kwa hiyo kikomo kinashuka hadi kama nyuzi 30. Kampala, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, inabaki na nyuzi 31. Chumba kidogo nyuma ya duka chenye bati juu kinazifikia nyuzi hizo saa sita mchana bila shida.

Feni nazo zina sheria. Kasha linabeba feni 10. Likiwa na feni nne tu, linaruhusu bledi mbili. Feni sita zinaruhusu bledi nane, na ili kujaza nafasi zote 16 unahitaji angalau feni nane. Muuzaji anayekupa bledi 16 na feni sita amekuuzia bledi nane za kutumia na nane za kutazama. Nafasi zilizo wazi zifunikwe kwa vizibo vyake, maana upepo hupitia penye upenyo na kuziacha bledi zikiungua.

Kuwasha hatua kwa hatua

Usiwashe kasha likiwa limejaa. Toa bledi zote kwanza. Hilo litakusaidia pia wakati wa kulibeba, kwa sababu likijaa linaweza kuzidi kilo 200. Washa kasha tupu kisha usome kioo kidogo kilicho mbele. Hali ikiwa njema, kinaonyesha rangi ya bluu. Kukiwa na tatizo, kinageuka rangi ya kaharabu na kutaja sehemu yenye kasoro.

Nyuma ya kasha kuna moduli inayoitwa Onboard Administrator, ambayo ndiyo nahodha wa kasha. Inagawa umeme, inaongoza feni na kuamua bledi ipi iwashwe. Nywila yake ya kwanza imeandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwenye moduli. Mwenye mali wa zamani akiwa ameibadilisha, fundi anaweza kuunganisha kompyuta kwa kebo ya siriali, akabonyeza kitufe cha kuwasha upya kwa sekunde kadhaa na kuingia katika hali ya nywila iliyopotea.

Ukishaona nahodha yuko salama, ingiza bledi moja. Tazama kwanza pini za nyuma. Pini moja iliyopinda inaweza kuharibu bledi na kasha kwa pamoja. Ikiwaka, ongeza ya pili, na kuendelea.

Bledi ikikataa kuwaka

Si kila bledi isiyowaka ni mbovu. Fundi mzuri huanza na maswali manne.

Kwanza, je, umeme unatosha? Nahodha akiona pawasaplai zilizopo hazitoshi, huinyima bledi ruhusa. Pili, je, feni zinatosha kwa nafasi hiyo? Tatu, je, kadi iliyo ndani ya bledi inalingana na moduli ya mtandao iliyo nyuma? Kadi iliyojengwa ndani huelekea kwenye nafasi za nyuma namba 1 na 2, na kadi ya kwanza ya nyongeza huelekea namba 3 na 4. Kadi ya kuunganisha hifadhi kwa nyuzi za mwanga ikikutana na swichi ya mtandao wa kawaida, nahodha hugoma. Nne, je, bledi imekaa sawasawa? Ichomoe na uichomeke upya hadi ijifunge.

Yote manne yakiwa sawa, hamishia bledi kwenye nafasi nyingine. Kasoro ikiifuata, ugonjwa uko kwenye bledi. Kasoro ikibaki palepale, ugonjwa uko kwenye kasha. Kisha punguza: acha prosesa moja na kipande kimoja cha memori, uone kama inaamka. Pengine ni kipande kimoja tu cha memori kinachoizuia bledi nzima.

Programu dhibiti

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya kila kifaa kuna programu ndogo inayokiambia jinsi ya kufanya kazi kabla hata ya mfumo wa kompyuta kuanza. Hiyo ndiyo programu dhibiti, na ndiyo inayowatofautisha walionunua mali na walionunua chuma chakavu.

Mfano mzito ni wa Novemba 2019. HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD za aina ya SAS zenye toleo lililotangulia HPD8 zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba hiyo ni 2 ikijizidisha mara 15, na kwa watu wa kompyuta hiyo ni dalili ya kihesabio kilichojaa. Machi 2020 kampuni ikatangaza kundi jingine, ambalo kikomo chake kilikuwa saa 40,000 na tiba yake ilikuwa toleo HPD7. Diski ikishafika kikomo, wala yenyewe wala kumbukumbu zilizomo hazirudi. Baya zaidi, diski zilizowashwa siku moja hufa karibu wakati mmoja, kwa hiyo kuweka nakala kwenye diski mbili za bledi hiyo hiyo hakusaidii kitu. Fikiria chama cha akiba kinachopoteza daftari la wanachama wote kwa asubuhi moja.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2017. Ulipatikana upenyo katika iLO 4, kifaa cha kuisimamia seva kutoka mbali, ulioruhusu mtu kuingia bila nywila. Uliziba kwa toleo 2.53. Bledi ya Gen8 au Gen9 yenye toleo la nyuma ya hapo ikiwekwa kwenye intaneti, ni duka lililoachwa wazi usiku.

Tiba ni kusasisha, lakini tangu Februari 2014 HP iliweka sharti kwamba baadhi ya programu dhibiti za seva, ikiwemo ya ubao mkuu, zitolewe kwa wenye dhamana au mkataba wa huduma pekee. Mnunuzi wa mtumba kwa kawaida hana kimojawapo. Ndiyo maana ni busara kumtaka muuzaji asasishe kila kitu kabla ya kupakia mzigo, na akupe orodha ya matoleo. Na wakati wa kusasisha, umeme usikatike katikati. Bledi za ProLiant zina nakala mbili za programu ya ubao, kwa hiyo zinaweza kuokolewa, lakini si kila moduli ina bahati hiyo.

Nywila ya iLO ikiwa haijulikani, ipo swichi ndogo namba 1 kwenye ubao mkuu inayoondoa ulinzi kwa muda. Ukimaliza irudishe, la sivyo mlango unabaki wazi.

Mpakani

Makubaliano ya Basel kuhusu taka hatari yaliongezewa nguvu tarehe 1 Januari 2025. Tangu siku hiyo, taka zote za kielektroniki zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa. Kifaa kinachofanya kazi si taka, lakini ni juu yako kuthibitisha. Beba cheti cha majaribio, orodha ya namba za vifaa na ankara halali, na uulize forodha ya nchi yako kuhusu vifaa vilivyotumika kabla ya kununua.

Ununue au usinunue?

Kwa chuo kinachofundisha mafundi, au kampuni yenye umeme wa uhakika na wateja wengi, kasha la bledi bado lina faida. Kwa duka, shule au chama kidogo, seva mbili za kawaida zinatosha. Moja ikifa nyingine inaendelea, vipuri vinapatikana, na fundi wa mtaani anazijua.

Ukiamua kununua, mwombe muuzaji mambo matano: picha ya nyuma ya kasha, idadi ya feni na pawasaplai, saa za kazi za kila diski, matoleo ya programu dhibiti, na nywila zote. Mwenye mali nzuri atakujibu siku hiyo hiyo. Anayekuambia "utaona ukifika" anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia hilo utalifungua ukiwa upande huu wa mpaka, fedha ikiwa imebaki ng'ambo.