BD: Kurasa 16 zilizomalizika ni bora kuliko albamu iliyolala kwenye droo

Ukizungumza na vijana wanaochora BD huko Goma, Bukavu au Lubumbashi, wengi watakuonyesha kitu kimoja: kurasa za kwanza za albamu kubwa. Shujaa ana jina, ana silaha, ana hata nembo yake. Ukurasa wa 1 hadi wa 7 umepakwa rangi vizuri. Baada ya hapo ni karatasi tupu.

Albamu ya kurasa 48, kama zile za Ubelgiji na Ufaransa ambazo wengi wetu tulizisoma utotoni, ndiyo ndoto yao. Lakini mtu anayechora usiku baada ya kibarua cha mchana, akimaliza ukurasa mmoja kwa juma, atahitaji karibu mwaka mzima kabla ya kuuza nakala ya kwanza. Wengi huachia njiani, na si kwa kukosa kipaji. Tena, hiyo hesabu ya 48 ilitoka kiwandani: mashine kubwa hupiga chapa kurasa 16 kwenye karatasi moja inayokunjwa, na 16 mara tatu ni 48. Mwenye kutegemea mashine ya fotokopi ya mtaani hana sababu ya kufungwa na hesabu hiyo.

Kinshasa ilishaonyesha njia nyingine zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kutoa gazeti lake mwenyewe la hadithi za picha. Aliandika, alichora, alipeleka kwenye chapa na kusambaza sokoni. Karatasi ilikuwa ya bei ndogo, wino ulikuwa mweusi tu, na lugha ilikuwa Lingala ya watu wa Kinshasa. Hadithi yake iliyojulikana sana ni ya tajiri anayegeuka nyoka, anammeza mwanamke, kisha anatapika dola. Uvumi wa namna hiyo ulikuwa tayari unazunguka mjini. Yeye aliupa picha. Na hali haikuwa rahisi: uchumi wa Zaire ulikuwa unaanguka, Kinshasa iliporwa mwaka 1991 na tena 1993. Hakungoja hali itulie, wala hakungoja mchapishaji kutoka Ulaya.

Kuna waliopita upande mwingine na wakafanikiwa. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechapishwa na Glénat huko Ufaransa. Pat Masioni alichora baadhi ya matoleo ya Unknown Soldier kwa ajili ya Vertigo, Marekani. Njia hiyo ipo. Ila mchapishaji wa mbali huomba kuona kazi iliyokamilika, hata iwe fupi, na kurasa 7 za mwanzo hazimwonyeshi kama unajua kumaliza hadithi.

Kwa hiyo, anza na kurasa 8 au 16. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Karatasi nne zinatoa kijitabu cha kurasa 16, pini mbili mgongoni, kazi imekwisha. Hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Kama unachora kwenye A4 ili ipunguzwe kuwa A5, kumbuka kwamba kila kitu kitabaki asilimia 71 ya ukubwa wake. Mistari myembamba itapotea na herufi ndogo zitakuwa vumbi. Kabla ya kumaliza kurasa zote, peleka moja kwenye fotokopi, ipunguze, mpe mtu mwenye haraka aisome barabarani. Acha pia nafasi ya milimita 5 au zaidi kila pembeni, kwa sababu mashine nyingi za mtaani hazifiki ukingoni.

Jambo ambalo nadhani linawasumbua wachoraji wa mashariki kuliko wanavyojua ni lugha. Wamejifunza kuchora puto la maneno kwa kuangalia BD za Kifaransa. Kifaransa kina maneno mafupi mengi ambayo hupangika vizuri kwenye puto jembamba: « ils ne nous montreront pas » inaweza kukatwa mistari mitatu. Kwa Kiswahili ni neno moja tu, « hawatatuonyesha », herufi 15 zisizokubali kukatwa. Matokeo yake utaona puto ambamo neno limevunjwa vipande viwili, au herufi zimebanwa kama abiria wa teksi. Dawa yake ni kuandika maneno kwanza, kwa herufi za ukubwa wa mwisho, kisha kuyazungushia puto, na kuchora watu katika nafasi iliyobaki. Mtu anayesema kwanza akae kushoto. Na kama msomaji wako ni wa Birere au wa Kenya ya Lubumbashi, mwache mhusika aseme kama watu wa hapo wanavyosema. Kiswahili cha darasani kifae kwa mwalimu au mchungaji aliye ndani ya hadithi.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi hujiumiza. Tuseme upande mmoja wa fotokopi ni franka 100. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne, pande nane, yaani franka 800. Unakiuza 1.500, na muuzaji anayekuwekea kwenye meza yake anachukua 300. Kwako zinarudi 1.200. Ukitoa nakala 50, umetumia 40.000, lazima uuze 34 ndipo gharama irudi. Zote 50 zikiisha, umepata 20.000. Sasa weka jalada la rangi la franka 1.000: kijitabu kinakugharimu 1.700, zaidi ya bei unayouzia. Weka bei za mtaa wako mahali pa hizi, lakini fanya hesabu kabla ya kulipa fotokopi. Na usichape 50 mara moja. Chapa 20, uone.

Franka 20.000 hazilipi usiku wote uliokaa na kalamu, tusidanganyane. Kijitabu ni cha kukupatia wasomaji, na cha kumwekea mkononi mtu mwenye kazi ya kulipa. Hapa kwetu mtu huyo mara nyingi ni shirika linalotaka BD kuhusu kipindupindu, Ebola, uchaguzi au amani. Kazi hizo ni halali na zimewalisha wachoraji wengi. Hatari iko kwenye makubaliano ya mdomo. Toza kwa ukurasa, si kwa « kazi nzima », kwa kuwa kurasa huongezeka njiani. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Waonyeshe mchoro wa penseli na wautie sahihi kabla hujaweka wino. Masahihisho yawe mawili, la tatu lilipiwe. Andikeni pia malipo yatapita wapi: benki za Goma zilipofunga milango mwaka 2025 baada ya M23 kuingia, ahadi ya virement haikumsaidia mtu yeyote aliyekuwa mjini.

Halafu kuna mhusika. Mimi ningekubali bei ndogo kidogo kuliko kumwacha mhusika wangu aende na faili. Sheria ya haki za mtunzi ya Kongo, ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini karatasi uliyotia sahihi bila kusoma inaweza kukuondolea faida ya ulinzi huo. Shirika lipewe ruhusa ya kutumia kurasa hizo, kwa kampeni hiyo, kwa lugha zilizotajwa, na jina lako libaki juu ya jalada.

Kuhusu simu, ni kweli wasomaji wengi wako huko. Lakini ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye skrini hausomeki. Kata visanduku uvipange kimoja chini ya kingine. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, kwa hiyo anayehitaji kuchapa mtumie kama dokima, si kama picha ya kawaida. Weka vipande bure, na kijitabu kizima kiuzwe kwa M-Pesa au Airtel Money.

Karatasi za asili usimwachie mtu, hata mteja anayelipa vizuri. Mpe skani ya dpi 600. Ziweke kwenye bahasha ya plastiki, mbali na bati linalovuja, na nakala ya faili kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Karatasi za Papa Mfumu'eto leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwanafunzi wa Kinshasa anayetaka kuzishika mkononi anahitaji visa.