Nauli ya Mashine Isiishie Kasulu

Mtu wa Makere anayeagiza mashine ya kusaga na injini yake kutoka Dar es Salaam hupiga hesabu ya bei, kisha nauli ya mpaka Kasulu, akaona amemaliza. Safari ndefu kweli ina wenyewe: kuna Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kuna malori, kuna mawakala wenye maghala na makuli waliozoea kazi. Kipande kifupi kinachobaki, kutoka ghalani hadi uani kwa mnunuzi, ndicho kinachokosa mwenyewe. Muuzaji atasema ameshatuma, wakala atasema mzigo umeshafika, na kila mmoja atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana kipande hicho kinapaswa kuandikwa katika mapatano kabla fedha hazijatoka: gari gani litapeleka, litafika mpaka wapi, nani atashusha, na kikiharibika kitu nani atalipa.

Sheria haimwokoi aliyenyamaza. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji aliyeruhusiwa kutuma mali akishaikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa, kwa kawaida, kwamba amemkabidhi mnunuzi, isipokuwa kama walipatana vingine. Kwa mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka awe na kibali ndipo atoke nje ya eneo alilopangiwa. Hawezi kuamka tu akaenda Kasulu kukagua mzigo. Anayemtuma ampokelee awe na barua yenye jina la mzigo, idadi ya vifurushi na ruhusa ya kukataa kilichovunjika. Bila hiyo, mtu huyo atapokea chochote atakachopewa.

Wapo watakaosema kupatana mapema nani atashusha ni kuongeza gharama, kwani vijana wa kushusha hawakosekani mtaani. Vijana wapo, lakini chuma hakipungui uzito kwa wingi wa kelele. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha kubeba kwa mwanamume mzima mmoja. Injini ya kilo 180 kwa kipimo hicho inataka watu wanne, na wote wapate pa kushika, jambo ambalo injini haitoi. Kinachohitajika ni mbao mbili nene za mteremko, vipande vya bomba vya kuviringishia, na kamba inayoshikiliwa kutoka juu ya gari, huku mtu yeyote asisimame upande wa chini. Masika yakikolea, njia ya udongo inayoingia uani huenda isimudu lori kabisa. Heri kujua mapema na kukodi gari dogo kuliko kumkuta dereva akishusha mashine kando ya barabara kuu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: dereva ana haraka, na mzigo umefungwa kwenye mbao, sasa utakagua nini? Utakagua kinachoonekana. Mbao iliyopasuka, mafuta yaliyochuruzika, upande uliolowa, alama ya kuangushwa: vyote vipigwe picha kwa simu mzigo ukiwa bado garini, viandikwe kwenye nakala zote mbili za hati ya makabidhiano, na dereva atie saini chini ya maneno hayo. Kama hakubali kusubiri mbao zifunguliwe, andika kwamba ndani hapajakaguliwa. Maneno hayo hayathibitishi kwamba mashine imevunjika, lakini yanazuia saini yako isigeuzwe ushahidi kwamba ilikuwa nzima. Baada ya hapo fungua siku hiyohiyo na umjulishe muuzaji kwa ujumbe wa maandishi, kwa sababu anayekaa na mali muda mrefu bila kuikataa huhesabiwa ameikubali. Zaidi ya yote, patana tangu mwanzo kwamba sehemu ya nauli italipwa mashine ikishasimama sakafuni. Kwa sharti hilo, kipande cha mwisho kitakuwa na mtu wa kukihangaikia.