Ukimfundisha Mtu Mzima, Tumia Kipimo Anachokijua

Bwana Mkulima, huenda kikundi kimekuchagua uwaonyeshe jirani kupanda mahindi kwa mbolea ya chumvichumvi. Basi usiwaandikie "gramu 5 kila shimo". Nani ana mizani shambani? Watakisia kwa vidole, na mbolea nyingi ikigusa mbegu huweza kuiunguza. Mvua za kwanza zitapita bure.

Chukua kizibo cha soda. Mimina kizibo kimoja shimoni, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Kisha mpe yeye kizibo, wewe utazame. Mtu mzima si mtoto wa darasa la kwanza (nami nimewafundisha hao): amelima miaka mingi, naye ataka sababu. Kwa hiyo panda mistari miwili, mmoja mbolea iguse mbegu, wa pili itengwe kwa udongo. Baada ya majuma mawili waite wahesabu miche wenyewe.

Ndivyo walivyojifunza wakulima wa mpunga wa Indonesia kuanzia 1989: kila juma walikagua shamba, wakachora mmea na wadudu waliowaona, wakajadiliana.

Ukichora picha, iwe kubwa, yenye jambo moja tu. Kwanza mwonyeshe jirani asiyejua kusoma, umwulize aona nini. Akitaja jambo jingine, chora upya.